Mashua Isiyo na Mgongo

"Baba, mugongo ya hii mashua iko wapi?"

Mwansa, mwendesha mashua, aliacha kamba aliyokuwa akiifungua, akamtazama mama aliyesimama juu ya mbao za gati na bidoni la munkoyo, togwa la mahindi, mkononi. Mwansa alikuwa mtu wa Kilwa, ile ya ziwa Mweru, si ya pwani, amekulia juu ya maji yake, na tangu aajiriwe kwenye ziwa hili dogo la nje ya Lubumbashi alikwisha kuulizwa mengi na watu wa mjini. Walimuuliza kama kuna mamba, choo kiko wapi, picha zitatoka vizuri upande gani. La mgongo hakuwahi kuulizwa.

"Haina mugongo, mama. Ni paka vile unaiona."

Na kweli ilikuwa hivyo tu. Katamarani ile ilikuwa na matumbo mawili marefu meupe yaliyolala sambamba, mlingoti katikati, na kati ya matumbo hayo wavu mweusi uliokazwa kama kitanda cha kamba. Hapakuwa na kibanda wala pazia, wala benchi la mbele na la nyuma. Abiria wote walikaa juu ya wavu ule mmoja, wakitazamana.

"Na muntu akitaka kukaa peke yake?"

"Peke yake anabakia ku inchi kavu." Mwansa alicheka. Alipoona mama hacheki, akarudi kwenye kamba yake.

Asiyejua mambo ya Wakasai angemwona mama huyo, Hortense, ana kiburi, au amechanganyikiwa na maji. Hakuwa na kimoja wala kingine. Alikuwa akitafuta pa kumpa mkwe wake mgongo. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukimbiana: hawali pamoja, hawapeani mkono, hawaketi mkeka mmoja. Mkwe akionekana upande huu wa barabara, mama huvuka ng'ambo. Likiwapo neno la kusemwa, hupitia kinywa cha mtu wa tatu, hata kama wote wawili wamesimama ua mmoja na wanasikiana vizuri kabisa. Jina la mkwe halitajwi. Hortense alizaliwa Lubumbashi, na Kasai aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu, lakini mambo haya aliyashika kuliko waliobaki huko, kama wafanyavyo wengi walio mbali na kwao.

Na watu wakikosea, kuna mbuzi. Mwaka ule binti yake Chancelvie alipokuwa mjamzito, mkwe aliingia uani kwa Hortense, mtaa wa Kampemba, bila kubisha hodi, akamkuta Hortense anachuja munkoyo, kikwembe kimefungwa kifuani, mabega wazi. Alitoka mbio hata akaacha kiatu kimoja kwenye tope. Kesho yake kiatu kikafuatwa, na mbuzi akaletwa: mbuzi wa haya. Ukishampokea mbuzi huyo, jambo limekufa. Halitajwi tena, si kwa hasira, si kwa ulevi, si hata matangani ambako watu hufukua kila kitu. Na anayemkataa amemkataa mkwe mwenyewe, basi binti atarudi kwa mamaye na masanduku yake. Hortense alimpokea, majirani wakala nyama wakicheka habari ya kiatu, na habari ikaishia hapo.

Sasa mkwe yuleyule alikuwa anakuja gatini, kofia pana kichwani, miwani myeusi, kicheko mbele yake. Doudou alikuwa mtu mchangamfu, lazima tumpe haki yake. Alifanya kazi ya ofisini kwenye mgodi wa Kambove, na wiki chache zilizopita wakubwa wake walimpa cheo na kumhamishia Kinshasa. Kabla ya kuondoka alitaka familia ipate vakansi, yaani likizo, hata kama ni ya nusu siku, hapahapa nyumbani: mashua, upepo, picha za kuwatumia rafiki zake. Akalipia safari ya watu wanne, yeye, mkewe, mtoto wao Léa, na mama mkwe.

"Miye na mukwe mu mashua moja?" Hortense alimwambia Chancelvie siku alipoletewa habari. "Uko na akili kweli?"

"Doudou anasema ku mayi hakuna bukwe, mama. Bile bintu ni bya zamani. Yeye ni muntu wa kisasa."

"Na miye ni wa lini?"

Lakini alikubali, na alikubali kwa sababu ya Léa.

Léa aliletwa Kampemba angali mchanga, kifua kinakoroma kwa vumbi la Kambove, na mama yake bado alikuwa anasoma. Doudou alisimama langoni, uso ameuelekeza barabarani kama inavyotakiwa, akamwambia mkewe kwa sauti ya kumfikia aliye ndani: "Uambie mama, mutoto ni wake. Atabakia na yeye paka pale yeye mwenyewe atachoka." Hortense hakuchoka. Kifua kilipona. Mtoto alijifunza kutembea kwa kushika masufuria ya munkoyo, na sasa alikuwa darasa la kwanza, anaandika jina lake kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na alijua uji umepoa kiasi gani kabla ya kutiwa mizizi, maana Hortense alikuwa akimwambia achovye kidole aseme. Ukitia mizizi uji ungali moto, umeiua. Ukingoja upoe kabisa, munkoyo haitaamka. Léa alikuwa akichovya, anafikiri, halafu anamwambia bibi yake kwa uzito wote wa miaka yake sita, "Bado, Kaku," au, "Sasa."

Tangu asikie habari ya Kinshasa, Hortense alikuwa akiyachuja maneno yake. Kwanza aliazimia kusema mtoto haendi popote. Kisha akaona hilo ni kubwa mno. Mtoto ana baba na mama. Akasema basi amalize shule ya msingi. Na hilo nalo akaona ni kubwa. Mpaka anafika ziwani limebaki neno moja jembamba: mtoto amalize mwaka huu wa masomo. Mwezi wa tano ulikuwa umeanza. Ni mpaka mwezi wa saba tu, shule ifungwe, apewe cheti chake cha kwanza pamoja na wenzake. Neno dogo kama hilo nani angelikataa? Angelisema juu ya maji, Chancelvie angelifikisha, na mambo yangekwisha kwa amani.

"Kaku, nibebe kamba yangu?" Léa alikuwa amemuuliza asubuhi wakitoka nyumbani. Ilikuwa kamba ya kuruka, Hortense aliisuka mwenyewe kwa nyuzi za magunia ya mahindi.

"Iache. Utaikuta."

Kamba ikatundikwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango.

Mwansa aliwavisha wote majile, makoti ya kuelea, ya rangi ya machungwa. La Hortense lilifungwa juu ya blauzi ya libaya na vikwembe viwili, likamkaa kama mtoto aliyebebwa kifuani. Alichagua pembe ya mbele kabisa, akaupa wavu mgongo, miguu ikining'inia juu ya maji, mkono mmoja umeshika waya wa mlingoti. Hapo aliona amepata angalau nusu ya mgongo aliokuwa akiutafuta.

Ila wavu ule haukujali adabu za mtu. Ulikuwa unabonyea katikati, na Doudou alikuwa na mwili wa mtu aliyepandishwa cheo. Alipoketi, kila kitu kikaanza kuteremkia kwake: bidoni, kapu la chakula, viatu, Léa kwa kicheko kikubwa. Hortense naye akajikuta anateleza kinyumenyume kuelekea kwa mkwe wake. Aliukamata waya kwa mikono miwili, akakaza meno. Nusu ya siku yake ya mapumziko aliipitisha hivyo, ananing'inia kwenye waya asije akamwangukia mume wa binti yake mapajani.

"Tunageuka!" Mwansa alipaza sauti. "Bichwa chini! Kila muntu ahamie upande ingine!"

Na hilo pia hakuna aliyekuwa amemwambia. Kumbe mashua ya tanga haiendi moja kwa moja. Huenda upande huu, kisha upande ule, na kila ikigeuka abiria hubadilishana nafasi. Mti wa tanga ulipita juu ya vichwa. Doudou akaja mbio kwa magoti kutoka huku, Hortense akatoka kule, amejifunika uso kwa pindo la kikwembe, anapapasa wavu kama kipofu. Walipitana karibu sana hata akanusa manukato yake.

"Pardon, mama, pardon!" Doudou alicheka. "Chancelvie, uambie mama asiogope. Hapa tuko bantu ya vakansi!"

"Anasema usiogope, mama."

"Nimemusikia," alisema Hortense.

Ziwa lilikuwa zuri, nalo pia tulipe haki yake. Mvua zilikuwa zimekatika, anga limeoshwa, na upepo wa baridi wa mwanzo wa kiangazi ulikuwa ukikunja maji. Léa alilala kifudifudi, jicho kwenye tundu la wavu, akitazama maji yakipita chini yake.

"Kaku, mayi inakimbia!"

"Ni siye tunakimbia, mwanangu."

Aliona wakati umefika. Doudou alikuwa nyuma karibu na Mwansa, anajipiga picha na tanga. Chancelvie alikuja kuketi kando ya mama yake, nywele ndefu za kununua zikimpiga usoni.

"Umuambie mukwe," Hortense alianza, na alilisema polepole maana alilitayarisha siku nyingi. "Umuambie namushukuru juu ya hii safari. Umuambie alisemaka neno ku mulango yangu, miye sikulisahau. Lakini siombe ile yote. Naomba mutoto amalize huu mwaka ya masomo. Paka mwezi wa saba. Kiisha bamubebe na amani."

Chancelvie alitazama maji. Kisha akageuza kichwa, akapaza sauti kushinda upepo.

"Doudou! Mama anasema aksanti sana juu ya safari. Anauliza kama kule Kinshasa masomo iko ya muzuri."

Hortense alidhani ni upepo umelikata neno. Akangoja sehemu iliyobaki ije. Haikuja.

"Uambie mama asiwaze!" Doudou alijibu toka huko. "Tulisha kumuandikisha. Masomo ya basista, ya muzuri kabisa!"

"Anasema usiwaze, mama."

"Chancelvie. Si vile nilisema."

"Mama, tafazali."

"Umuambie: mwezi wa saba."

Chancelvie akageuka tena. "Mama anasema mutoto atamukosekana sana!"

"Ah, mama!" Doudou aliweka mkono kifuani. "Uambie mama tutamutumia picha kila siku!"

Ni jambo chungu kusikia maneno yako yakibadilishwa hatua chache kutoka kwako, na mdomo unao, na ulimi unao, na huruhusiwi kusahihisha. Hortense alikuwa ameuza sokoni Kampemba zaidi ya nusu ya maisha yake. Wateja waliosema munkoyo yake ina maji aliwajibu palepale, wakaondoka wameinamisha vichwa. Hapa alikaa kimya kwa sababu mbili: mkwe haambiwi, na binti wa mtu haaibishwi mbele ya mumewe.

"Juu ya nini unaharibisha maneno yangu?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

Chancelvie alikuwa analia, au ni maji yaliyoruka. "Unajua ananiitaka nani? Mutoto yangu ya kuzaa ananiitaka yaya. Sawa miye ni dada yake mukubwa. Nikimubeba mu mikono anaangalia paka mulango, kama utaingia. Na miye ni mama, mama. Paka mwezi wa saba, kiisha utasema paka Noeli."

Hortense aliona kuna ukweli katika maneno hayo, na ukweli wa mtoto wako mwenyewe unauma vibaya. Alimwonea huruma. Alimkasirikia pia, kwa sababu aliyekesha na kile kifua kinachokoroma hakuwa yeye. Mambo yote mawili yalikaa ndani yake kwa wakati mmoja, wala hakuna lililoondoka.

Mchana Mwansa aliteremsha tanga karibu na matete, mashua ikatulia. Kapu likafunguliwa: bukari, ugali uliofungwa kwa majani, samaki wa kuchoma, sombe ya majani ya muhogo. Doudou akala kwa raha, miguu amenyoosha. Munkoyo akaipokea kwa mikono miwili, akanywa kikombe, akaongeza.

"Uambie mama hii munkoyo, hata Kinshasa sitaipata. Iko muzuri sana."

Hortense alizisikiliza sifa hizo zikiufikia mgongo wake. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani, maana mama mkwe hatafuni pale mkwe anapotafuna. Harufu ya samaki ilimfikia kila upepo ulipogeuka. Léa alimletea kipande, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Kula, Kaku."

"Nitakula ku nyumba."

"Mama hakule?" Doudou alisema kwa mshangao. "Chancelvie, uambie mama akule, bwana! Si nilisema? Ku mayi hakuna bukwe!"

Mwansa alikuwa amekula akiwa amesimama, na sasa anaosha mikono ziwani. Hortense alimwita kwa kichwa. Naye alikuwa kinywa, na kinywa cha mtu baki mara nyingine hunyooka kuliko cha damu yako.

"Baba, naomba unisaidie. Kuko neno nataka upeleke kwa ule bwana."

Mwansa alimtazama, kisha akamtazama bwana aliyelipia mashua. "Mama," alisema kwa upole, "miye niko paka muntu ya tanga." Akaenda kuing'oa nanga.

Upepo wa kurudia ulikuwa na nguvu kuliko ule wa kuendea. Tanga lilijaa kwa kishindo, tumbo moja la mashua likainuka, Léa akapiga kelele za furaha. Na katika kishindo hicho upepo ukaingia chini ya kitambaa cha kichwani cha Hortense, ukakifungua, ukakipeleka. Kilielea juu ya maji kidogo, chekundu chenye maua, kisha kikazama. Kichwa chake kikabaki wazi mbele ya watu wote, mvi zimegawanywa kwa mistari iliyopinda na kusukwa ovyo. Ilikuwa kazi ya vidole vya Léa, ya Jumapili iliyopita.

Alipeleka mikono kichwani. Halafu akaishusha. Kilichokuwa cha kufichwa kilikwisha kuonekana, na ng'ambo ya aibu hiyo alikuta kitu ambacho hakukitegemea: hasira, safi kabisa, na moyo mwepesi. Aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile ifungwe, alimtazama mkwe wake usoni.

"Doudou," alisema.

Chancelvie alitia kiganja kinywani.

"Doudou, angalia miye. Weye mwenyewe ulisemaka, ku mulango yangu, mutoto atabakia paka pale nitachoka. Sijachoka. Lakini ile nimekuachilia. Nakuomba kitu moja. Umuache paka mwezi wa saba, masomo ifungwe. Kiisha umubebe, na miye mwenyewe nitamufungia bintu yake. Nakuambia na kinywa yangu juu kinywa nilitumaka haikufika."

Kicheko kilimpotea Doudou usoni. Alibaki mdomo wazi, na kwa kitambo kidogo alionekana kijana tu, yule wa kiatu kwenye tope. Hortense aliona macho yake yanamtafuta mkewe, yanamtafuta mtoto, yanatafuta pa kupita. Kisha yakapaona. Doudou alishusha kofia mpaka puani, akageuza uso kwa heshima zote, akampa mama mkwe wake mgongo.

"Chancelvie," alisema, "funika mama yako kichwa."

"Doudou, nakuomba," Hortense alirudia.

"Uambie mama kwamba miye sijibizanake na mukwe. Ni haya. Kwetu bantu habaongeake na mukwe vile, uso kwa uso. Heshima iko."

"Si ulisema ku mayi hakuna bukwe?"

Mgongo wa Doudou haukugeuka. Angejibuje? Mkwe hajibizani na mama mkwe.

Chancelvie alivua shali lake, akamfunika mama yake kichwa. Mwansa alikodolea macho ncha ya tanga, ingawa tanga lilikuwa salama.

"Kaku," Léa aliuliza, "juu ya nini papa anajificha?"

Hortense alirudi kwenye pembe yake na waya wake. Mkwe ambaye asubuhi alikuwa wa kisasa alikuwa ameirudia mila mbio kuliko alivyotoka uani siku ile, na mila ilimpokea vizuri, ikamfunika. Hortense hakuwa na pa kulalamika, maana mila ile ile ndiyo aliyoilinda maisha yake yote. Moyo ulimchacha kabisa. Waligeuka mara kadhaa kabla ya gati, na kila walipogeuka watu wazima watatu wa familia walipishana kwa uangalifu mkubwa, bila hata pindo la nguo kugusana.

Nchi kavu Doudou alitangulia kwenye gari. Chancelvie alibaki na mama yake kwenye mbao, mtoto katikati yao.

"Ndege ni kesho asubui," alisema. "Bintu yake iko mu motokari, mama. Tulibeba asubui, pale ulikuwa unajaza bidoni. Tuliona vile njo itakuwa rahisi."

Hortense alitazama bidoni mkononi mwake. Lilikuwa tupu. Kwa hiyo hata kabla hajapanda ile mashua, hata kabla hajalichuja neno lake hadi likawa jembamba vile, mambo yalikuwa yamekwisha. Angesema nini? Mtoto alikuwa anamtazama, na mtoto akiona mtu mzima anaanguka huogopa safari.

"Utakuya, Kaku?" Léa alimshika kikwembe.

"Nitakuya."

"Na kamba yangu?"

"Nitaibeba."

Akamfungua mikanda ya jile, mmoja baada ya mwingine, taratibu, na ilipokwisha hapakuwa na kitu kingine cha kumfungua.

Siku zilipita. Hortense alipika uji, akaungoja upoe. Alikuwa akichovya kidole chake mwenyewe na kusimama hapo bila kuwa na hakika, yeye aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana. Mara mbili alitia mizizi mapema, munkoyo ikafa, akaimwaga mtaroni. Honorine, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimuuliza kama anaumwa. Alisema ni baridi. Lakini kichwani alikuwa na mpango: Chancelvie akipiga simu, atamwomba mtoto vakansi kubwa ikifika. Akikatazwa, ataomba Noeli. Angeendelea kuomba. Kuomba hakuna aliyemkataza.

Kisha asubuhi moja pikipiki ilisimama langoni, na kijana wa kazi akateremsha mbuzi. Alikuwa jike, mweupe, kwato safi, mzuri hata watu wakasimama barabarani kumtazama.

"Batu ya Tata Doudou banakutumia uyu, mama. Banasema ni juu ya ile ya ku mayi. Ni ya haya."

Hortense alikuwa amekaa juu ya sufuria aliyoigeuza, chujio mkononi. Alimtazama mbuzi kwa muda mrefu. Doudou hakuwa amesahau kitu. Alifanya kila jambo sawasawa, kama wazee wangefanya, tena kwa mbuzi mkubwa kuliko kosa. Akimpokea, yale maneno ya mashuani yamekufa yote: mlango, ahadi, mwezi wa saba, mtoto. Hatayataja tena kwa mkwe wala kwa binti, si kwa simu, si kwa machozi. Asipompokea, Chancelvie atafungiwa masanduku yake, na Léa atabaki kwa baba.

"Mama?" Kijana alikuwa na haraka. "Unapokea?"

Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Napokea."

Honorine alikwisha kupanda tofali kuchungulia juu ya ukuta. Alipiga makofi. "Eeh, mama Chancelvie! Angalia ule mbuzi! Weye uko na mukwe ya kweli. Ba leo habajue tena heshima, lakini ule wako, aksanti Mungu!"

"Iko na heshima," alisema Hortense.

Kijana aliifungua kamba shingoni mwa mbuzi, akaikunja mfukoni. Alisema ni yake, ya kufungia mizigo. Mbuzi alipoachwa huru alianza kunusa masufuria. Hortense alitazama huku na huku uani. Kisha akaingia ndani, akapapasa nyuma ya mlango, akatoka na kamba ya nyuzi za magunia.

Ilikuwa fupi, kamba ya mtoto. Alipomfunga kwenye nguzo ya jikoni, mbuzi hakuweza kufika mbali; alizunguka mara moja, akasimama kwenye ukuta wenye herufi za mkaa, akaanza kuulamba.